Sare za Alhaja na Siri Yangu

Jumatatu, 5 Februari. Yaba.
Nimepata kazi ya kushona! Alhaja Rasidat anamwoza binti yake tarehe mbili Machi. Wanawake mia na themanini, sare moja. Vipimo vyao nitavitunza kwenye programu yangu. Yangu kwa maana kwamba aliiandika Sista Morenike wa Ibadan, akairuhusu itumiwe bure na yeyote. Mimi nimebadilisha rangi.

Jumatano, 7 Februari
Nimegundua kasoro kwenye programu. Majina yakizidi mia, kila anayefuata anapewa vipimo vya aliyemtangulia. Nimeirekebisha mwenyewe, saa sita nzima! Ejiro wa meza ya jirani, mshindani wangu, naye anatumia programu hiyo hiyo. Akaniona natabasamu. Akasema kama nimetengeneza kitu, nimrudishie Sista. Leseni ya programu haidai, akasema, lakini utu unadai. Nikamjibu leseni nimeisoma, utu haumo. Akasema mla cha mwenzie na chake huliwa. Wivu tu!

Jumatatu, 12 Februari
Sista ametoa toleo jipya la programu, lina picha za vilemba. Bure! Nikabonyeza. Kisha nikawachapishia mafundi orodha yote.

Jumamosi, 2 Machi
Balaa! Toleo jipya lilifuta marekebisho yangu. Kuanzia wa mia na moja, wembamba wameingia kwenye mahema, wanene wamekwama mabegani. Alhaja akaniuliza, we mtoto, nimekukosea nini? Nilitaka kulia. Nikampigia Sista. Akauliza mbona sikumwambia, dawa ingekuja na toleo lenyewe. Nikasingizia mtandao. Akasema, wiki tatu, Folarin? Hata hivyo akaniokoa: kuanzia huyo wa mia na moja, kila mmoja avae gauni la anayemfuata kwenye orodha. Wanawake wakabadilishana magauni nyuma ya masufuria ya wali wa jollof, wakapendeza! Ila wa mwisho hana anayemfuata. Wa mwisho ni Alhaja mwenyewe. Amecheza harusi ya binti yake amejifunga kitambaa cha meza.

Jumatatu, 4 Machi
Jana nilimtumia Sista marekebisho, shingo upande. Leo ameyatoa kwa watumiaji wote, pamoja na jina langu na shukrani. Sasa Ejiro anayo bila kutoka jasho! Hakuna haki duniani.

Alhaja amenisamehe. Binti wa pili anaolewa Juni, wanawake mia tatu. Nimekuta kasoro nyingine: mikono ya kushoto inatoka mirefu. Nimeirekebisha. Safari hii simwambii mtu!

Halafu nikaona kuna toleo jipya. Vilemba sasa vinazunguka. Nikabonyeza.