Kanuni Mpya ya Kumzuia Luhaga

Jumatatu, 3 Julai 1995

Balaa! Luhaga anataka kurudi kwenye chama.

Kanieleza Mwenyekiti wetu, Mzee Bundala, nilipomkuta sokoni akijaribu koti la mtumba. Kasema kwa furaha kama mtu anayetangaza harusi. Chama chenyewe ni Chama cha Wanahistoria wa Bariadi, na mimi, Mwalimu Januarius Mboje, ni katibu wake tangu Luhaga alipotukimbia. Yeye ndiye aliyekuwa katibu wa kwanza. Tulikianzisha sisi wawili, walimu vijana wa suruali za miguu mipana, tukiamini kwamba historia ya huku kwetu tutaiandika sisi au haitaandikwa kabisa. Halafu mwaka 1988 akaacha ualimu akaenda Lamadi kuuza dagaa. Hakuniaga! Nilisikia kwa wanafunzi. Iliniuma na bado inaniuma, na sioni aibu kuandika hivyo kwa kuwa shajara hii haisomi mtu.

Sasa ni mnunuzi wa pamba wa kampuni binafsi kule Sapiwi. Ana pikapu. Ana kitambi. Uchaguzi wetu ni Agosti, na akiingia watamrudishia ukatibu siku hiyohiyo. Nawajua.

Bahati nzuri katiba iko upande wangu. Mwanachama sharti awe mwalimu wa historia, aliye kazini au mstaafu. Luhaga si mstaafu. Ni mtoro. Nimekula ugali wa mchana kwa raha sana.

Jumatano, 5 Julai

Kikao cha dharura. Kimeitishwa na mweka hazina wetu, Mwalimu Justina, mama mwenye sauti ndogo na hoja kubwa. Tumekutana darasani, maana ukumbi wa ushirika siku hizi umepangishwa kwa muuza mitumba.

Ukumbi ule! Tulikuwa tukikaa pale kila Jumamosi, chai bila sukari, kila mtu na pipi yake mdomoni ya kuipa chai utamu, tukibishana juu ya watemi wa zamani mpaka kuku wanarudi bandani. Sukari haikuwepo. Sabuni haikuwepo. Dawa ya meno ndiyo usiseme. Lakini watu walikuwepo. Leo duka la kona lina sukari gunia juu ya gunia, na sisi tumebaki kumi, wawili kati yao husinzia.

Justina akasema hiyo ndiyo hoja yake hasa. Biashara imefunguliwa, pamba imefunguliwa, nasi tufungue mlango wetu. Kanuni ya kujiunga ibadilishwe, kila anayetafiti historia aruhusiwe kuomba. Nikaonya kwamba tutavamiwa na wauza samaki. Akaniuliza, wauza samaki wangapi? Nikasema mmoja anatosha. Walicheka! Hoja ikapita, wote dhidi yangu.

Hapo akili ikanichemka. Nikasimama nikasema vema, nakubali, ila mwombaji apimwe, na apimwe kwa mila zetu, siyo kwa mitihani ya kikoloni. Tumpime kama Wagika na Wagalu wanavyopimana baada ya mavuno: makundi mawili ya ngoma, uwanja mmoja, wakati mmoja, na watazamaji wanakwenda wanakopenda. Mwenye watu wengi kashinda. Basi mwombaji asimame upande mmoja aeleze utafiti wake, na mwanachama wa zamani asimame upande wa pili aeleze wake. Asipomzidi watu, arudi alikotoka.

Mzee Bundala alipiga makofi mpaka miwani ikamdondoka. Baba yake alikuwa manju, kiongozi wa ngoma. Imepita! Hakuna aliyeuliza huyo mwanachama wa zamani atakuwa nani. Ni mimi, bila shaka.

Ijumaa, 7 Julai

Sabasaba. Sikukuu, lakini mimi niko kazini.

Siku ya shindano nimepanga Jumamosi ya wiki ijayo, siku ambayo Sapiwi wakulima hufurika kuuza pamba. Luhaga hataweza kuacha mzani wake. Asipotokea, kashindwa. Akitokea, jua ni lake: nimejichagulia upande wa uwanja wa shule wenye kivuli cha darasa, na viti vyote nimeagiza vipangwe huko. Nitasoma utafiti wangu kuhusu mbegu za pamba na mabadiliko ya jamii. Ni kazi nzito. Mke wangu Mariana anasema ameusikia mara nyingi kiasi kwamba hata mbuzi wanaweza kuusoma.

Asubuhi nilikutana naye. Luhaga! Alisimamisha pikapu katikati ya barabara akashuka.

"Mwangaluka, nkoyi!"

Nikaitikia, salamu haikataliwi, lakini hilo nkoyi, yaani rafiki, nikaliacha lipite, kisha nikatazama mawinguni. Hakukuwa na mawingu. Akauliza habari za Gloria, binti yangu, ambaye alimbeba begani siku zile. Akauliza kama chaki bado inanipigisha chafya. Nikasema nina haraka. Akasema kanuni yangu ameisikia na ni nzuri, hakuna mwingine Bariadi nzima ambaye angeibuni. Kisha akacheka kile kicheko chake kinachoanzia puani.

Nilifika nyumbani nikitabasamu. Nikajikasirikia sana.

Jumatatu, 10 Julai

Mwamapalala na kurudi, kwa baiskeli. Miguu haipo.

Makundi ya ngoma hayaendi mashindanoni bila dawa ya kuvuta watu, na mimi si mjinga kuliko wacheza ngoma. Mganga ni Mzee Thomasi, ambaye babake alizitengenezea dawa ngoma zilizovuma mpaka Maswa. Nilijiuliza njiani kama inafaa msomi kufanya jambo hili. Nikajijibu kwamba ni utafiti kwa vitendo.

Kanipa unga wa kijivu kwenye jani la mgomba. Niumwage kuuzunguka mahali nitakaposimama. Nikamwuliza una nguvu kiasi gani. Akasema hakuna atakayepita karibu bila kusogea. Malipo: jogoo mmoja.

Jogoo yule kumbe Mariana alikuwa anamtunza kwa ajili ya Gloria, anayekuja likizo kutoka chuoni. Hakunigombeza. Alinitengea ugali, akaketi, akanitazama. Nikauliza mboga iko wapi. Akasema, "Iko Mwamapalala, baba Gloria."

Alhamisi, 13 Julai

Mazoezi. Nimesoma utafiti wote mbele ya kioo. Sauti safi. Ukurasa wa pili una sehemu inayogusa moyo, ya takwimu za marobota ya pamba.

Nimekumbuka kwamba sehemu ile tuliiandika wawili. Luhaga ndiye aliyekuwa akisoma kwa sauti, mimi nikifuta. Aliniambia nafuta mpaka vitu vizuri. Hakuna aliyenisomea kazi yangu tangu aondoke. Nyumba ilikuwa kimya leo, nikaufunga utafiti mapema.

Jumamosi, 15 Julai

Nitaandika yote kwa mpangilio, maana historia ni mpangilio.

Nilifika kwanza. Nikamwaga unga. Wanachama wakaja wakaketi kivulini, upande wangu wote. Mzee Bundala akasimama katikati ya uwanja na fimbo, ndiye mwamuzi. Luhaga hakuonekana. Nilikuwa nimeanza kumwonea huruma.

Mara pikapu! Imejaa wakulima wa Sapiwi mpaka kwenye bodi, na wengine nyuma kwa baiskeli. Kwa kuwa ilikuwa siku ya kuuza pamba, watu wote walikuwa kituoni, na alipowaambia anakwenda kushindana na Mboje waliacha pamba yao kwenye magunia wakamfuata. Siku niliyoipanga mimi! Nikapinga. Nikasema ni wanachama tu watakaohesabiwa. Justina akasema kanuni haisemi hivyo. Nikasema nimeiandika mimi, najua ilichotaka kusema. Mzee Bundala akakubali kwa kuwa jua lilikuwa linapanda. Wakulima wakaambiwa watazame tu.

Tukaanza pamoja. Mimi marobota, yeye sijui nini. Wanachama wanne wakahama, Justina akiwa wa mbele. Wanne wakabaki nami. Wawili kati ya hao walikuwa wamesinzia, lakini kusinzia upande wangu ni kuwa upande wangu.

Ndipo dawa ikafanya kazi. Ng'ombe wa Mzee Kristofa, jirani wa shule, walikuwa wanatoka kunywa maji. Wakageuka. Kundi zima! Wakaja mpaka nilipo, wakainamisha vichwa wakaanza kulamba ardhi kuzunguka viatu vyangu. Unga ule ulikuwa magadi, magadi matupu na majivu! Nikaendelea kusoma. Nikamwambia Mwenyekiti kwamba hadhira yangu imeongezeka. Justina akapaza sauti kutoka kule kwamba ng'ombe hawajalipa ada. Wakulima walicheka mpaka wakakaa chini. Lakini hesabu ilikuwa bado nne kwa nne, na kanuni inasema lazima mwombaji anizidi. Nilikuwa nashinda! Nilibakiza ukurasa mmoja!

Ng'ombe walipotulia nikasikia anachosema. Alikuwa anasimulia safari yetu ya Sola, masika ya 1976, tulipokwenda kumhoji Bibi Ng'washi aliyejua ukoo wa watemi. Alisimulia jinsi bibi yule alivyotutupia gunzi kwanza, kisha kapu zima la mahindi, akasema anayetaka maneno yake apukuchue. Tulipukuchua mpaka vidole vikachubuka. Nikajikuta nimeacha kusoma. Nilikuwa nimesahau kwamba Luhaga alimwimbia wimbo ili ampunguzie mahindi, na kwamba bibi alimwongezea.

Kisha akasema tulipofika mtoni mto ulikuwa umejaa, na yeye, Luhaga, akabeba kichwani baiskeli YAKE nyekundu.

Yake! Nyekundu!

Baiskeli ilikuwa yangu! Ilikuwa nyeusi! Kaka yangu aliinunua kwa pamba ya msimu mzima! Na aliyeibeba ni mimi, yeye alibeba karatasi zetu ndani ya kofia, akiogopa maji kama paka! Mtu anasimulia uongo mbele ya wakulima wa watu, na mwanahistoria anyamaze? Nilitupa marobota, nikapita katikati ya ng'ombe, nikavuka uwanja nikamwambia palepale. Akaomba radhi kwa unyenyekevu. Akaniuliza basi baada ya mto ilikuwaje. Nikaeleza. Akaongeza. Nikamkatiza. Akauliza mbele ya watu wote kama nakumbuka tulivyovaa mashuka ya bibi nguo zetu zikikauka, nami ndiye niliyevaa lile la maua. Nilicheka mpaka nikamshika bega ili nisianguke. Sijacheka hivyo miaka mingi. Machozi yalinitoka na sijui kama yote yalikuwa ya kicheko.

Nilipoinua kichwa Mzee Bundala alikuwa anahesabu kwa fimbo. Watano kwa wanne.

Wa tano nilikuwa mimi.

Jumapili, 16 Julai

Nimekata rufaa. Mwenyekiti kaniambia kwamba kwenye ngoma, manju akiacha kundi lake akaenda kucheza kwa wenzake, hakuna kesi tena. Baba yake alishuhudia jambo hilo mara moja tu maishani na watu walilizungumza mpaka njaa ilipokuja.

Kanisani Luhaga aliketi nyuma yangu. Baada ya misa akanifuata chini ya kengele. Akasema mwaka ule hakuniaga kwa sababu mshahara haukutosha, watoto walikuwa wanalala njaa, na angeniaga asingeondoka. "Ningekutazama usoni, nkoyi, ningerudi darasani, tungekufa njaa wote tukiwa wanahistoria."

Nikamwambia baiskeli ilikuwa nyeusi.

Akanishukuru kwa Kisukuma, "Wabeja. Nitajitahidi kukumbuka."

Jumanne, 18 Julai

Nimetulia na nimelitafakari jambo lote kwa makini. Sikushindwa kwa hoja. Nilishindwa kwa kuwa kanuni ilikuwa na tundu moja dogo: haikumkataza mzungumzaji kuhama. Nimeliziba. Kwenye kikao kijacho nitapendekeza ukatibu nao ugombewe kwa njia hiyohiyo, mimi na Luhaga, uwanja uleule, kila mmoja asitoke alipo. Hapo hana ujanja. Masikini, amezeeka vibaya. Mtu anayesahau rangi ya baiskeli hawezi kutunza kumbukumbu za chama! Karibu nimwonee huruma. Justina nilipomwambia hayo alishika mdomo akageukia ukutani, nadhani naye alihuzunika.

Luhaga alipita asubuhi na sato wawili kwa ajili ya Mariana. Mariana kafurahi, amenisamehe nusu. Hakukaa, alikuwa anawahi Sapiwi. Akiwa ameshawasha gari akachungulia dirishani akasema kwamba kile kikao chetu cha kwanza kabisa, cha kuanzisha chama, anakikumbuka vizuri sana: kilifanyika Maswa, siku ya Jumapili, na mimi nilichelewa.

Maswa! Jumapili! Mimi!

Nilimwambia asubiri. Akasema hawezi kusubiri, wakulima wako kwenye foleni. Ikabidi nipande. Nilipomaliza kumrekebisha tulikuwa tumeshafika Sapiwi, na kwa kuwa hakukuwa na usafiri wa kurudi nilikaa naye mzanini mpaka jioni. Siku nzuri sana. Kesho anapita tena asubuhi, ameshakosea mambo ya mwaka 1979.