Dakshina ya Acharya Ketan

Ketan Vaghasia alikuwa harusini mjini Surat, bila mwaliko, kwenye sahani ya tatu ya jalebi, aliposikia mama mmoja akilalama kwamba wafumaji wake wanadai nyongeza. Mama huyo, Jashodaben, alikuwa na kiwanda cha sari na gari jeupe refu kama kibaraza. Ketan alilipenda gari lile papo hapo, tena kwa moyo wake wote.

“Dada yangu,” akamwambia, “wazee wetu walishalimaliza hilo zamani. Mtu afanye kazi, matunda asiyatazame.”

“Na wafumaji wanafundishika?”

“Nipe wiki moja.”

Jumatatu akatokea na vazi la rangi ya zafarani, kama la watawa wa Kihindu: Acharya Ketananand, mwalimu wa falsafa ya kale na uongozi wa kisasa. Mwezi uliotangulia alikuwa mtaalamu wa kuotesha nywele, maana ni mtu anayejiendeleza. Akafundisha kwamba nafsi ni moja, kwa hiyo bosi akila, wameshiba wote. Wafumaji walimshangilia sana, kwa kuwa mafunzo yalifanyika saa za kazi na ukumbi ulikuwa na kiyoyozi.

Jashodaben alipogusia malipo, Ketan akajifanya kuumia.

“Acharya hapokei mshahara, dada. Hupokea dakshina, zawadi ya mwanafunzi kwa mwalimu wake. Zamani mtu alitoa kile akipendacho kuliko vyote.” Akalitupia gari jicho refu, ili kusiwe na utata.

Siku ya mwisho, mbele ya wafumaji mia mbili, Jashodaben alisimama machozi yakimlenga.

“Acharya, inaniuma, lakini nimeamua kutoa.”

Ketan akafumba macho na kukinga kiganja apokee ufunguo. Kiganjani ikatua kamba.

Mwisho wa kamba alisimama Gomti, ng’ombe mzee wa pembe moja, kavishwa shada la maua. Umati ukainama kwa heshima. Mtu aliyevaa zafarani angemkataaje ng’ombe mbele ya macho yale?

“Nampenda kuliko mume wangu,” akasema Jashodaben, na mumewe akaafiki kwa kichwa.

Ketan alimkokota Gomti kilomita sita hadi kwa muuza maziwa.

“Kaka, mchukue huyu. Bure. Mimi nakaa ghorofa ya nne.”

Muuza maziwa alicheka mpaka akakaa chini.

“Gomti mla sari? Ng’ombe wa dakshina simgusi, Acharya, ni dhambi. Yule mama ana miaka mitatu anatafuta mwalimu wa kumpa. Wenzako wote waliomba pesa.”