Benchi la Figo

Jumatatu, 9 Juni

Ukungu umekifunika kijiji chetu cha Mhezi, huku milimani, tangu asubuhi. Baridi. Makande hayana chumvi. Hayo ndiyo maisha yangu tangu daktari wa kule Same mjini aniambie kwamba figo zangu zimeanza kuchoka, na presha ndiyo inayozichosha. Niache chumvi, nimeze vidonge, nirudi Alhamisi hii.

Chumvi nimeacha. Mimi ni mtu wa neno langu. Lakini makande bila chumvi ni adhabu, kwa hiyo nikamwomba mke wangu Eliwaza aongeze magadi. Magadi hulainisha maharage na kuleta ladha, na daktari hakuyataja. Eliwaza akaguna. Mwenye akili hakosi njia.

Tatizo langu si figo. Tatizo ni jirani yangu Tumainieli, anayekitaka cheo changu. Jumamosi ni msaragambo: kijiji kizima tunapanda kuondoa tope kwenye ndiva, bwawa letu la kumwagilia mashamba, na kabla ya kushuka tunachagua mwenyekiti wa maji. Mwenyekiti ni mimi, Eliamini. Ni mimi nipigaye pembe alfajiri na kupanda kuzibua ndiva. Leo nasikia Tumainieli kasema dukani kwamba mtu wa kliniki ya figo astahili kupumzishwa. Kasema kwa huruma. Huruma ya Tumainieli naijua, tulishafikishana baraza la ardhi kwa sababu yake.

Jumanne, 10 Juni

Nimepigiwa simu na kliniki. Alhamisi kutakuwa na daktari anayepima hali za wagonjwa, wa figo na wa kliniki ya kawaida, alinganishe nani anaishi vipi. Nikamwambia muuguzi nitafika.

Nilipokata simu ndipo wazo likanijia. Mabenchi ya kliniki zote mbili yako kwenye baraza moja! Nitaketi benchi la kawaida. Nitapimwa na watu wa kawaida, nitatoka mzima, na Jumamosi nitasimama mbele ya kijiji niseme daktari kanipima akanikuta mtu wa kawaida. Si uongo. Ni kuchagua pa kukaa.

Nimemweleza Eliwaza. Amesema figo hazijui nimekaa benchi gani. Mwanamke huyu hana jicho la siasa.

Jumatano, 11 Juni

Nimefanya mazoezi ya kupanda hadi kwenye ndiva. Nimepumzika juu ya jiwe la kwanza. Nimepumzika juu ya jiwe la pili. Kila alipopita mtu niliinama nikachungulia mfereji, nikatikisa kichwa. Mfereji wetu haujawahi kukaguliwa vizuri namna hiyo. Kwenye ndiva sikufika.

Miguu imevimba kidogo jioni. Itakuwa ni viatu.

Alhamisi, 12 Juni

Siku ya aibu. Naandika ili nitue mzigo.

Nilishuka Same. Joto la huko chini si la mtu mwenye koti, lakini mwenyekiti huvaa koti. Benchi la figo liko kushoto, watu kimya. Benchi la kawaida liko kulia, watu wanakohoa na kucheka. Nikaketi kulia, nikamsalimu jirani bila kumtazama. Akaitikia. Sauti naijua. Tumainieli!

Nikamwuliza kafuata nini. Akasema kikohozi. Akaniuliza mimi. Nikasema kikohozi. Tukakohoa wote wawili.

Akaja Dk. Asteria, binti mpole mwenye kishikwambi mkononi. Akatuamkia shikamoo, tukaitikia marahaba kwa sauti ya watu wenye afya. Alitaka kutuhoji mmoja mmoja. Tukakataa, tukasema sisi ni majirani, hatufichani kitu. Ukweli ni kwamba hakuna aliyetaka kumwacha mwenzake peke yake na daktari.

Akauliza kama tunaweza kupanda kilima bila kuchoka. Nikasema napanda huku naimba. Tumainieli akasema yeye hupanda na gunia la tangawizi mgongoni. Akauliza kama tunapata usingizi. Nikasema nalala fofofo. Tumainieli akasema yeye mpaka aamshwe kwa maji. Akauliza kama miguu huvimba. Tukasema hapana kwa pamoja, kila mmoja akaivuta suruali ishuke chini.

Dk. Asteria akatutazama sana. Akasema hajapata kukutana na wagonjwa wazima kiasi hiki, basi atuombe zoezi dogo: tuketi kitini na kusimama bila kushika popote, taratibu, mpaka aseme basi. Taratibu nilisikia. Lakini nilipomwona Tumainieli anaongeza kasi, nikaongeza. Akaongeza. Ninachokumbuka mwisho ni viti viwili kuanguka na Dk. Asteria kuitisha vitanda.

Tukalazwa kitanda kwa kitanda. Tulipotulia sana ndipo akatupima presha. Yangu ilimfanya arudie kupima. Nikaapa chumvi sijagusa. Tumainieli, yuko chali bado anahema, akasema ni kweli, chumvi hagusi, ila makande ya kwa Eliamini yana magadi mpaka yamekuwa ya njano. Msaliti! Nami nikasema kwake ni vilevile, maana wake zetu hununua magadi pamoja.

Dk. Asteria akavuta kiti akakaa. Akasema kwa figo, chumvi na magadi ni baba mmoja mama mmoja. Mlangoni akatokea muuguzi, akauliza Eliamini na Tumainieli wa kliniki ya figo wako wapi, maana anawaita tangu asubuhi. Hapo hakuna aliyekohoa.

Kisha binti yule akasema nasi kama mtu asemavyo na wazazi wake. Figo zetu bado zinafanya kazi. Nafasi ipo. Tukiendelea hivi, itafika siku tutahamia mjini kuunganishwa na mashine ya kusafisha damu, na milima yetu tutaitazama kwa mbali. Msaragambo twende tukitaka, ila tupande polepole, tupumzike kila tukichoka, na majembe tuwaachie wengine.

Niliogopa. Tumainieli pia aliogopa, nilimwona anakaza macho darini.

Ijumaa, 13 Juni

Tumepatana na Tumainieli: atakayemtaja mwenzake atakuwa amejitaja mwenyewe. Bora hivyo.

Nilipanga kumwambia Eliwaza nusu ya habari. Ameniambia habari nzima kabla sijaanza, kaipata kwa Raheli, mke wa Tumainieli. Kisha akachukua magadi yote akayamwaga shimoni. Akaniuliza kama niko tayari kufa kwa ajili ya pembe. Nikasema hapana. Akasema basi kesho pembe atapiga yeye na ndiva atazibua yeye, mimi nije nyuma polepole kama nilivyoagizwa. Nikakubali. Ni kwa kesho tu.

Mpango wangu ni huu. Nitapanda na Tumainieli, bega kwa bega. Yeye hana subira. Atachoka kwanza, atabaki njiani, nami nitatokea kwenye ndiva peke yangu kama bwana harusi.

Jumamosi, 14 Juni

Pembe imelia vizuri kuliko ninavyoipiga mimi. Sikumwambia.

Tumeanza kupanda, mimi na Tumainieli. Kwenye jiwe la kwanza nikaketi, daktari kasema. Naye akaketi. Nikangoja anyanyuke nimwone anavyohema. Naye akangoja. Kumbe ana mpango uleule! Nikamwambia atangulie. Akasema haiwezekani, mwenyekiti hutangulia. Tukakaa. Tukazungumza habari za watoto, mvua, na kesi ya mpaka. Maji yakaanza kupita kwenye mfereji mbele yetu, masafi, yenye kasi. Eliwaza kazibua.

Jiwe la pili, vilevile. Ukungu ukaondoka, jua likatoka. Tukasikia nyimbo za kazi huko juu. Baadaye hatukusikia nyimbo. Baadaye tena tukaona watu wanashuka, majembe mabegani, miguu imejaa tope.

Mzee Sadock, ambaye ndiye husimamia uchaguzi, akasimama tumwamkie. Tukamwamkia. Akasema uchaguzi umekwisha. Aliuliza nani kapiga pembe leo, watu wakamwonyesha Eliwaza. Aliuliza nani kazibua ndiva, wakamwonyesha Eliwaza. Hakuona sababu ya kuuliza zaidi. Nikasema desturi haijapata kuwa na mwenyekiti mwanamke. Akasema desturi haijapata pia kuwa na mwenyekiti anayechaguliwa akiwa amekaa njiani.

Tumainieli akasema atakata rufaa. Nikamwunga mkono, mara ya kwanza tangu tuzaliwe. Eliwaza akapita na pembe yangu shingoni, akatuambia tushuke polepole.

Jumapili, 15 Juni

Kanisani Eliwaza ametangazwa, amesimamishwa, amepigiwa makofi. Mimi nimetajwa kama mume wake. Amekwisha kupanga zamu za maji, na zamu yetu ni ya mwisho, watu wasije wakasema anapendelea nyumba yake. Miaka yangu yote sikuwaza jambo hilo.

Mchana tumekula makande bila chumvi wala magadi, kayakamulia ndimu. Yalikuwa matamu. Sikumwambia hilo pia.

Vidonge namezeshwa mbele yake. Na kliniki ijayo, anasema, atanisindikiza yeye mwenyewe mpaka mlangoni kwa Dk. Asteria, na Raheli atamsindikiza Tumainieli.

Jioni Tumainieli amekuja kunijulia hali. Eliwaza alikuwa kwenye mfereji. Tumelifikiria jambo hili kwa utulivu, kama watu wazima waliokwisha kupata fundisho. Daktari alikataza chumvi. Daktari alikataza magadi. Samaki ng'onda hakuwataja, na Tumainieli alikuwa nao wawili ndani ya koti, wakavu, weupe kwa chumvi, wananukia mpaka ndani ya roho. Tumewala nyuma ya zizi.

Na kuhusu kliniki ijayo nimepata wazo, naye kaliafiki papo hapo. Wake zetu wakishatufikisha mlangoni na kugeuka, tutajipenyeza benchi la kliniki ya macho. Huko hawapimi presha.