Kuku wa Ghorofa ya Kumi na Tisa

Jumatatu, 3 Machi
Nimefika Chongqing kwa mwanangu Haolin. Mkewe Yuqing atajifungua wiki hii. Supu ya mzazi bila kuku wa kijijini? Thubutu! Nimemwingiza akiwa hai, ndani ya mfuko wa blanketi. Sasa yuko kibarazani, nyuma ya mashine ya kufulia. Jengo haliruhusu mifugo. Haolin kaonya: majirani wakilalamika tena kama mwaka jana, napandishwa treni kabla sijamwona mjukuu.

Jumanne, 4 Machi
Ametaga. Na kutangaza! Nikafungulia opera redioni, sauti mpaka mwisho. Bi Tan wa ghorofa ya chini yetu akapanda kugonga. “We mzee, huyo mwimbaji wako kakabwa na nini?” Nikajibu ndiyo mitindo ya kwetu. Akanusanusa. Mwanamke ana pua!

Alhamisi, 6 Machi
Mbinu mpya: kumlainisha. Bi Tan ndiye kiongozi wa akina mama wanaocheza dansi uwanjani kila jioni. Nikajiunga. Wote kulia, mimi kushoto. Nikamkanyaga. Unyoya ukadondoka kutoka kwenye sweta yangu. Akauokota, akanitazama, akaendelea kucheza.

Ijumaa, 7 Machi
Balaa! Bi Tan kaja na mlinzi. Yuqing, na tumbo lile, akawahi kufungua. Kuku akachomoka kibarazani, akapenya katikati ya miguu ya mlinzi, akaingia kwenye lifti. Mlango ukajifunga. Akashuka peke yake kama mpangaji! Yuqing akacheka mpaka akaegemea ukuta. Ghafla akashika tumbo. “Baba, chupa imepasuka.” Haolin yuko kazini. Nikajikuta nimekaa sakafuni. Bi Tan ndiye aliyeita teksi, akanisukuma ndani. “Panda, mzee! Utazimia ukifika!”

Jumamosi, 8 Machi
Msichana! Mzima, mama mzima. Nimelia mbele ya manesi. Kuku yuko kibandani kwa mlinzi, anamtagia yeye. Haolin hakufoka; ndiyo mbaya zaidi. Kaniapisha: hakuna tena kiumbe mwenye manyoya wala miguu. Nimeapa kwa moyo wote.

Jumatatu, 10 Machi
Nimepita sokoni. Supu ya samaki huleta maziwa, kila mtu anajua. Samaki hana manyoya. Hana miguu. Hana sauti! Nimenunua saba, hai, nikawatia kwenye beseni jipya la mtoto. Wanarukaruka vizuri sana. Bafu zima limelowa, maji yameanza kuchuruzika kwa Bi Tan. Nasikia ufunguo mlangoni. Mtoto analia. Haolin anasema kwanza aogeshwe.