Picha Nyeupe Yenye Mstari Mmoja

Alhamisi, 6 Machi
Truphosa amekubali kutoka nami Jumamosi! Sharti moja: twende makumbusho ya Fort Worth, hapa Texas, tukatazame picha anayoipenda. Anasema yeye ni muuguzi, anashinda na kengele za mashine za hospitali masikioni, kwa hiyo anataka mwanamume anayeweza kusimama kimya. Mimi tena!

Nimeenda kuikagua mapema. Nyeupe yote, mstari mmoja wa penseli katikati. Basi! Nikasogea mpaka mlinzi akaniambia nirudi nyuma. Sikuona kitu. Nimekwisha.

Ijumaa, 7 Machi
Mpango upo. Nimempigia Mama Kerubo, mwenyekiti wa kina mama wa kanisa letu hapa Arlington. Nimemwomba kesho apite pale makumbusho kama kwa bahati, anisifu kidogo mbele ya Truphosa, aende zake. Akasema nimwachie yeye. Roho imetulia.

Jumamosi, 8 Machi
Maafa. Tulikuwa mbele ya picha, Truphosa ametulia, bega lake karibu na langu. Mara vigelegele! Mama Kerubo na kikosi kizima, sare za kitenge, chupa za chai, beseni la mandazi. Alidhani ni posa. Kijana akikutuma umsifu mbele ya msichana, ni nini kingine? Akaomba, akaleta salamu za mchungaji, akatangaza kwamba kijana wao Melkiori ameona ua katika boma hili. Boma! Mlinzi akauliza kiongozi ni nani. Wote wakaninyooshea kidole.

Truphosa akaniuliza, kwa upole, kama kimya kidogo tu kilikuwa kizito hivyo. Akaondoka na gari lake. Nimelia kwenye maegesho, mandazi mkononi.

Jumapili, 9 Machi
Nimerudi peke yangu. Nimetazama mpaka miguu ikafa ganzi. Mstari haujanyooka! Katikati unatetemeka, kana kwamba mchoraji alichoka, akashusha pumzi, akaendelea. Tangu nije Texas sijawahi kusimama mahali bila haraka. Hiki ndicho alichotaka tukione pamoja. Nimempoteza, na nampenda kweli.

Jumatatu, 10 Machi
Nimemtumia Truphosa ujumbe wa sauti kumweleza uzuri wa kimya. Karibu saa nzima, pamoja na utangulizi. Hajajibu. Labda mtandao. Nimerekodi mwingine, mrefu zaidi, endapo kuna mahali hakunielewa.