Nilivyouleta Msikiti wa Kilwa Butimba

Jumamosi, 5 Julai

Tangu Mwanza iwe na mawe haijapata kijana mwenye akili kama mimi, Lukman. Sijisifu. Naandika tu kwa kumbukumbu. Shule yenyewe ilijaribu kunifundisha mpaka kidato cha pili, ikachoka, tukaachana kwa amani.

Leo habari kubwa! Waumini wa msikiti wetu hapa Mabatini wanakwenda Kilwa Kisiwani kuutazama Msikiti Mkuu wa kale. Basi linaondoka Nyegezi Jumatano alfajiri. Anayetaka kwenda apeleke jina kwa Ustadh Msafiri kabla ya adhuhuri ya Jumatatu. Bibi Bushra, aliyenilea, kanituma nipeleke lake na langu. Mimi niwe macho yake. Ya kwake yana mtoto wa jicho, anaona ukungu tu.

Bibi ni wa hukohuko Kilwa, babu alimleta huku bara akiwa mwali. Anasema utotoni alisimama na dada yake Nusrat chini ya kuba kubwa la msikiti ule, wakawa wanaita majina yao. Kuba likawaitikia. Nusrat alishatangulia mbele ya haki. Bibi anataka kuliita jina lake pale mara moja tu, alisikie likirudi. Nikamwambia ahesabu kwamba ameshafika. Akasema haya, mume wangu, nenda basi kwa Ustadh. Ndivyo anavyoniita, mume wangu. Akikasirika anadai talaka.

Nitakwenda kesho. Basi lote lile, viti vyote vile, haraka ya nini?

Mchana nimelala, nikaota niko ndani ya msikiti ule. Nguzo zinapotelea mbali, tao nyuma ya tao, mwanga wa rangi ya asali. Sakafu ni maji ya ziwa. Sato wanapita kati ya nguzo taratibu, kama watu waliochelewa swala na hawataki ijulikane.

Jumatatu, 7 Julai, Sabasaba

Jana sikwenda. Jana nilikuwa kwa kinyozi nawaeleza vijana habari za Kilwa. Leo nilitoka kabisa, na kanzu nimevaa. Nikapita kwa kinyozi kidogo tu, kusalimia. Wakaniuliza makuba yanasimamaje bila nondo. Swali zuri! Ningeliachaje? Nikachora chini kwa kijiti. Mawe ya matumbawe, chokaa ya kuchoma, nguzo za pembe nane, makuba yamebanana mabega kama mabeki wanaosubiri frikiki. Karne ya kumi na nne hiyo! Kinyozi mwenyewe aliacha kichwa cha mtu nusu akawa ananisikiliza. Adhana ya adhuhuri ikanikuta niko kwenye kuba la nne.

Nikakimbia. Ustadh Msafiri akasema pole, kijana, viti vimekwisha. Viwili vya mwisho kachukua Nurudin na mama yake. Nurudin! Binamu yangu, msomi wa chuo, anayesema "kimsingi" hata akiomba chumvi.

Nimemwambia Bibi basi limekufa injini, safari imeahirishwa. Akalitolea pole hilo basi. Uongo safi, hauna hata kona.

Jumanne, 8 Julai

Nurudin kaja kumuaga Bibi na kuomba dua ya safari! Akauliza, kimsingi, amletee nini kutoka Kilwa. Mimi nilikuwa uani najifanya nafua nguo. Alipoondoka Bibi akaniita. Akauliza, hilo basi lenye injini mfu, watalisukuma mpaka Kilwa au watalibeba kichwani? Nikakamua shati kavu nililokuwa nimelishika. Hakugomba. Hakudai hata talaka. Alikaa tu anaukunja mtandio wake wa safari, anaukunjua, anaukunja. Heri angenipiga mwiko.

Ndipo akili ikanijia! Kama Bibi hawezi kuufuata msikiti, msikiti utamfuata Bibi. Nikamtangazia: Jumamosi, ufukweni Butimba, Kilwa nzima, kuba na kila kitu.

Akauliza, na injini je?

Alhamisi, 10 Julai

Kashindye kakubali kunisaidia. Rafiki yangu, kwao Wasukuma wa kukandika nyumba, mtu wa kwaya. Aliuliza kama Mkristo anaruhusiwa kujenga msikiti. Nikamjibu mchanga hauendi kanisani wala msikitini, beba.

Kazi imepamba moto! Makuba madogo tunafyatua kwa beseni. Mchanga mbichi, unashindilia, unapindua, unagonga mgongoni, unainua: kuba! Nguzo kwa ndoo. Kuba kubwa ndilo kazi yenyewe. Tumesimika magogo, tukakunja fito juu yake, tukavika magunia, Kashindye akakandika matope. Chini pande zote wazi, matao matupu, mtu anaingia na kusimama. Kibla nimekipanga mimi mwenyewe. Kwetu Mabatini tangu nizaliwe imamu anaelekea upande wa ziwa. Kwa hiyo mihrabu nimeitazamisha ziwani. Kashindye akauliza nina uhakika? Nikamwuliza yeye ni imamu wa wapi.

Jioni maji yalitulia yakawa kama shaba. Makuba yote yakaonekana mara mbili, mchangani na majini. Ndege mmoja mweupe alitembea kati ya nguzo, akasimama, akatazama juu, kama mgeni aliyelipa kiingilio.

Ijumaa, 11 Julai

Nimefika asubuhi, msikiti unang'aa kama fedha! Nikadhani muujiza. Nikapiga magoti. Dagaa! Mama Modesta, muuza dagaa, kaona makuba yangu laini, yanapata jua pande zote, kaanika mzigo mzima. Nikamwambia shikamoo mama, hili ni jengo la karne ya kumi na nne. Akasema marahaba mwanangu, na lile beseni langu la karne ya juzi liko wapi? Tukapatana. Dagaa wakae mpaka wakauke, habari za beseni zife.

Nurudin katuma picha kutoka Kilwa. Yeye, meno yote nje, na msikiti umejibanza nyuma ya sikio lake. Nyuma ya lile sikio kuna tao moja, na nyuma ya tao jingine, na mwanga umesimama hapo katikati kama mtu anayepiga hodi asijibiwe. Nimeitazama mpaka simu ikazima.

Jumamosi, 12 Julai

Bibi kaja kwa bajaji. Mtandio wa safari, udi mwili mzima. Mchangani akavua viatu mwenyewe, hakuambiwa. Nikamshika mkono. Akapapasa makuba moja moja kama anayechagua tikiti maji. Akauliza mbona Kilwa inanuka dagaa. Nikasema Bibi, si kisiwa kile? Akakubali. Mimi bingwa!

Akaingia chini ya kuba kubwa ili asali rakaa mbili. Akainua mikono. Akaishusha. Akauliza tangu lini jua la alasiri linampiga mtu usoni, kwani miaka yote hapa Mwanza akisali alasiri analisikia kwenye shavu la kushoto. Nikageuka kutazama. Butimba ziwa liko magharibi! Ziwa gani hili lisilokaa upande mmoja? Kashindye akageukia mlimani, mabega yanamcheza. Bibi akajigeuza mwenyewe kaskazini, akaipa mihrabu yangu ubavu, akasali.

Alipomaliza hakutoka. Mawimbi yanakuja, yanarudi. Jua likapita chini ya matao, likawasha mchanga, likampaka Bibi rangi ya asali. Hata mimi nilisahau tuko wapi. Niliona nguzo nyingi kuliko nilizojenga.

Bibi akaita jina la dada yake.

Sitaandika zaidi leo. Nina mafua.

Jumanne, 15 Julai

Wamerudi! Nurudin kamletea Bibi korosho na picha zake mwenyewe, za kumwonyesha mtu asiyeona. Msomi! Bibi kala korosho.

Msikiti wangu haupo tena. Upepo uliamka, mawimbi yakapanda. Kashindye anasema mihrabu ndiyo ilikwenda kwanza. Sina kosa. Basi lina viti vichache. Kinyozi anauliza maswali marefu. Ziwa linahamahama.

Na kuna habari mpya! Ustadh Msafiri anapanga msafara mwingine, majina yapelekwe kabla ya Ijumaa. Bibi kanituma tena. Kasema mume wangu, safari hii nenda moja kwa moja. Nitakwenda kesho. Kwanza napita kwa kinyozi, hawajasikia nilivyojenga. Basi lote lile, viti vyote vile.

Kwa kweli kila kitu kilikwenda vizuri. Kitu kimoja tu kiliharibika, na hapa hakuna anayesoma. Bibi aliita, Nusraaat! Magunia na matope vikalimeza jina. Akainamisha sikio, akasubiri. Mimi nikakimbilia nyuma, nikaingia majini mpaka magotini, nikaitika kwa sauti ya msichana mdogo, Nusraaat.

Bibi akasema toka huko, Lukman, utapata mafua. Hakusema mume wangu. Akakaa tena, sikio bado ameliinamisha, mpaka jua likazama.

Kuba langu halikuitika.