Kuinuliwa kwa Landrova ya Saindou Mbele ya Kizingiti cha Ambanoro

Ketini, ninyi mlio na masikio, na mwenye kikohozi akohoe sasa, kwa maana habari hii haikatizwi. Waacheni wengine wasimulie falme zilizoporomoka na majemadari waliovuka mito wakiwa na farasi elfu; hapa panasimuliwa jambo zito kuliko hayo, yaani jinsi Saindou mwana wa Boinali, Bwana wa Spana Kumi na Mbili, Mtesi wa Kutu, Yeye Asiyeazima Jeki ya Mtu, alivyoliondoa tumbo la gari lake katika udhalili wa mawe. Ewe Mola uliyeiinua milima pasipo jeki, iongoze kalamu hii. Nanyi, mafuta ya kulainishia, msikauke kabla ya mwisho.

Ikawa katika mwaka wa 1983, katika kijiji cha Ambanoro, kisiwani Nosy Be, palikuwa na Landrova iliyokuwa ya kijani siku za ujana wake, na ambayo sasa ilikuwa na rangi ya kila ukuta iliowahi kujisugua nao. Hiyo ndiyo mali pekee iliyotoka pamoja na Saindou mjini Mahajanga mwanzoni mwa mwaka wa 1977, siku zile Wangazija walipowindwa katika mitaa waliyozaliwa. Aliacha nyumba, akaacha duka, akaacha kaburi la mama yake. Akawapakia watu kumi na mmoja na magodoro yao, akashika njia ya kaskazini. Springi za gari, ambazo ni mabamba ya chuma yaliyopindwa mfano wa upinde na kulaliana kama kurasa za kitabu, zilibeba mzigo ule siku nyingi. Zilipofika pwani ya kaskazini zilikuwa zimenyooka kama rula, wala hazikupinda tena. Tangu hapo Landrova ilitembea tumbo chini, mwendo wa bata.

Hilo lingevumilika, lau si Kizingiti. Kati ya bandari ya Andoany na Ambanoro, mahali barabara inapopanda kutoka kijitoni, lilikuwa limelala jiwe jeusi lililokatiza njia kutoka ukingo hadi ukingo, na hapakuwa na apitaye ila juu yake. Magurudumu ya mbele yalipanda, yakateremka ng'ambo. Kisha tumbo likaketi juu ya jiwe kwa mlio uliowafanya walioko msikitini wapoteze hesabu ya rakaa. Ndivyo ilivyokuwa siku ya posa ya Laïla, binti wa Bi Zalifa, dada yake Saindou: wazee sita wa upande wa bwana harusi walishuka matopeni, wakafika nyumbani kwa miguu, viatu mkononi, na neno la kwanza walilolitamka halikuwa salamu.

Sasa ulikuwa umesalia mwezi mmoja kabla ya harusi kubwa. Kwa watu wenye asili ya Ngazija, bwana harusi ndiye aingiaye katika nyumba ya mke, na mjomba wa bibi harusi ndiye amletaye. Heshima hiyo haiuzwi wala haigawanywi. Wazee wa kijiji wakaketi barazani, wakakata shauri: gari likikaa tena juu ya jiwe, bwana harusi atashuka, atapanda mkokoteni wa Mikidache, na Mikidache ndiye atakayemfikisha mlangoni. Huyo Mikidache alikuwa binamu yake Saindou, mwenye ng'ombe wawili wa kukokota na ulimi mmoja uliotosha watu watatu. Maneno yao yalikuwa ya Kikomoro kilichotiwa Kisakalava na Kifaransa cha gereji. Hapa yamevikwa Kiswahili yapate kusimama mbele za watu.

"Bwana Saindou," akasema Mikidache, "ng'ombe wangu hawana springi. Lakini hawajaketi juu ya jiwe hata siku moja, wakingoja wanaume sita wawasukume matakoni."

Watu wakacheka. Saindou akasimama, akafunga kikoi chake upya, kwa maana hotuba haitolewi na mtu ambaye kikoi chake kinalegea.

"Mikidache, mwana wa baba yangu mdogo, umenena kama mtu ambaye hajawahi kushika spana! Nilipoteza nyumba, sikusema neno. Nilipoteza duka, sikusema neno. Lakini mlango wa dada yangu sitaupoteza. Alhamisi ya harusi nitapita juu ya jiwe lile na wazee wote sita, na jiwe halitajua kama nimepita!"

"Na likijua?" akauliza Bi Zalifa kutoka nyuma ya pazia.

"Dada, usinivunje mbele za watu."

"Sikuvunji. Nauliza tu, nijue nani nimtengee mguu wa mbuzi, wewe au Mikidache."

Katika siku zile springi hazikuonekana madukani, kwa maana meli za nchi za mbali zilileta vichache, na vichache hivyo vilikuwa na wenyewe. Basi Saindou akapanda meli ya mizigo, akalala juu ya magunia ya pilipili manga, akashuka Mahajanga, mji ambao hakuukanyaga tangu alipoutoka. Akapita mbele ya nyumba yake. Nguo za watoto asiowajua zilikuwa zimeanikwa dirishani. Akasimama kwa muda wa kutosha kuzihesabu, zilikuwa saba, akaenda zake. Juu ya jambo hilo habari hii haina la kuongeza.

Huko mtaa wa Mahabibo alikaa Zoubeir, mwuza vyuma vikuukuu, ambaye ua wake ulijaa mizoga ya magari ya kila taifa.

"Kwezi, kaka," akasema Zoubeir, kwa salamu ya mdogo kwa mkubwa.

"Mbona, ndugu yangu," akaitikia Saindou, kwa jibu la salamu hiyo. "Nipe springi, au uchimbe shimo unizike hapa hapa."

"Shimo lina kazi. Springi ninazo."

Akafunua turubai. Palikuwa na springi nne za Landrova iliyoletwa zamani kutoka Unguja, zimepinda kama nyusi za mwalimu aliyechokozwa. Juu ya mbili, mkono usiojulikana ulikuwa umeandika kwa rangi nyeupe na herufi za Kiarabu *yamini*, yaani kulia. Juu ya mbili nyingine *shimali*, yaani kushoto.

"Usizichanganye," akasema Zoubeir. "Za kulia zina nguvu kuliko za kushoto."

"Mimi niliyehitimu chuoni kwa juzuu thelathini, nishindwe kusoma neno moja juu ya chuma?"

Wala hakushindwa kulisoma. Kosa lake lilikuwa kubwa kuliko hilo: aliliamini.

Siku ya Jumamosi, zikisalia siku tano, vita vikaanza. Nati zilikuwa zimefunga na bolti zake ndoa ya kutu ya miaka ishirini, wala hazikutaka talaka. Mafuta ya taa yalikuwa yameadimika. Saindou akazinywesha mafuta ya langilangi, yale yatokayo mwisho maua yakichemshwa, ambayo wanunuzi wa manukato huyakataa, hata Landrova ikanukia harusi, na majirani wakachungulia kujua ni nani anayeolewa gereji. Jumapili adhuhuri bolti ya kwanza ikasalimu amri kwa kishindo, na shujaa akapoteza ngozi ya vifundo vitatu, akaitazama damu yake, akaipangusa kwa gazeti, akaendelea. Akaanza upande wa kulia, jinsi mtu mwema aanzavyo kuvaa kiatu. Zilizoandikwa *yamini* akazifunga kulia. Zilizoandikwa *shimali* akazifunga kushoto. Jumatatu, jua likikaribia kuchwa, akateremsha jeki, akarudi nyuma hatua kumi apate kuutazama utukufu.

Utukufu ulikuwa umeinama. Upande wa kulia gari lilisimama juu kama mimbari. Upande wa kushoto, palipo usukani, lilikuwa limeinuka kidogo tu, kwa haya, kama mtu aliyelazimishwa kusalimu.

Na kesho yake ilikuwa Jumanne. Ua wa Saindou ulikuwa juu ya ardhi ya Wasakalava, na kwa wenyeji hao Jumanne ilikuwa fady, mwiko: udongo hauchimbwi wala chuma hakigongwi. Mtu aliyepokewa akiwa hana kitu havunji mwiko wa aliyempokea. Saindou alikuwa ameushika miaka sita, na hakuona sababu ya kuuacha kwa ajili ya springi. Basi kutwa nzima Landrova ilisimama imelalia upande mmoja, na Ambanoro yote ikaja kuizuru. Wengine walikuja na watoto.

"Poleni," akasema Mikidache, akaketi juu ya kinu kilichopinduliwa. "Naona upande mmoja umepona. Huu mwingine mnautibu kwa kitu gani? Kwa dua?"

"Leo ni Jumanne," akasema Saindou. "Sigongi chuma. Wala sigongi mtu."

Alasiri Bi Zalifa akaleta chai, akaizunguka Landrova mara mbili pasipo kuigusa.

"Springi hizi zilitoka kwenye gari la wapi?"

"La Unguja, dada."

"Mimi nilikwenda Unguja nikiwa msichana, kwa shangazi. Tulichukuliwa kwa gari hadi shamba. Nakumbuka niliketi hapa." Akaonyesha kushoto, palipo usukani wa Saindou. "Dereva aliketi kule, kulia. Alikuwa mnene. Huko wote huketi kule."

Saindou akaweka kikombe chini.

"Springi yenye nguvu si ya kulia, Saindou. Ni ya dereva."

"Lakini imeandikwa!"

"Imeandikwa kwa ajili ya watu wa Unguja."

Hapo Mtesi wa Kutu akainama kuzitazama tena alama chini ya gari. Kuna majemadari waliopoteza majeshi kwa sababu hawakuwa na dada; yeye alikuwa naye, na alama za springi sasa alikuwa amezielewa. Springi zote nne zilipaswa kufunguliwa na kubadilishana pande, nayo siku iliyobaki ilikuwa moja.

Jumatano alfajiri, kabla umande haujakauka, alikuwa chini ya gari. Mikidache akaja na kiti chake mwenyewe, apate kucheka kwa starehe.

"Jeki yako imekaa vibaya," akasema baada ya kitambo.

"Nyamaza."

"Imekaa vibaya, nakwambia. Itateleza."

Jeki ikateleza. Landrova ikashuka kwa kiasi cha kiganja, na Saindou akatoka chini yake kwa wepesi usiolingana na umri wake. Mikidache akainuka kitini, akavua shati, akalikunja vizuri akaliweka juu ya kiti.

"Wewe unafanya nini?" akauliza Saindou.

"Nikikushinda kesho, nataka niseme nimemshinda mtu mzima, si kiwete. Sogea. Nani alikufundisha kushika nyenzo hivyo?"

Wakafanya kazi hadi magharibi, wakitukanana kwa adabu, kila mmoja akimwonyesha mwenzake namna iliyo sahihi ya kukaza nati. Na jeki ilipoteremshwa, Landrova ikasimama sawasawa pande zote nne, imeinua kifua. Mikidache akavaa shati lake.

Ikawa Alhamisi, baada ya sala ya alasiri, bwana harusi Elarif akatoka Andoany akiwa amevaa joho na kilemba, ameketi mbele kando ya Saindou. Na nyuma yake wakaketi wazee sita. Saindou alikuwa amepiga hesabu ya wazee sita. Hakupiga hesabu ya mzee wa saba, aliyewasili asubuhi ile kutoka Ambanja akiwa na kiwiliwili cha magunia mawili, na ambaye, kwa desturi, hawezi kuachwa. Alipopanda, springi zikalia. Saindou akalisikia hilo katika mifupa yake.

Walipofika Kizingiti, kijiji kilikuwa kimejipanga ukingoni. Mkokoteni ulikuwa tayari, pembe za ng'ombe zimefungwa vitambaa. Wazee wa baraza walikuwa wameagiza shahidi, tena shahidi wa upande wa pili, asije mtu akasema baadaye kwamba macho yalinunuliwa; hivyo Mikidache, katika kanzu nyeupe isiyo na kunjo, akalala kifudifudi matopeni kando ya jiwe, shavu ardhini, apate kuona chini ya gari.

"Mjomba," akanong'ona Elarif, akiuangalia mwinuko, "nishuke nipunguze uzito?"

"Ukishuka, mwanangu, umeniua. Kaa. Pumua kidogo kidogo."

Akatia gia ya kwanza, ile fupi ya milimani. Magurudumu ya mbele yakapanda juu ya jiwe, yakasita, yakateremka ng'ambo. Sasa tumbo lilikuwa juu ya adui. Saindou akainua mabega hadi masikioni, akafumba macho, akaungoja mlio ambao miaka sita haukumkosa hata mara moja. Wazee saba wakashikana mikono. Magurudumu ya nyuma yakagusa jiwe, yakapanda, yakashuka. Gari likaenda hatua ishirini mbele na kusimama, kwa sababu dereva wake alikuwa bado amefumba macho.

Hapakuwa na sauti yoyote. Hata ng'ombe hawakulia.

Saindou akatoa kichwa dirishani. Sauti yake ikawa nyembamba.

"Mikidache! Limegusa?"

Mikidache akabandua shavu lake kwenye tope. Aliinuka polepole, tope limemfunika kutoka ndevu hadi magotini, akiwa mwenye uwezo wa kusema neno moja na kuwa yeye wa kumwingiza bwana harusi. Na kila mtu alilijua hilo, naye alilijua kuliko wote. Akainua mkono wake na kuonyesha vidole vitatu. Kijiji kikavuta pumzi. Kisha dhamiri ikamshika, akakitazama kidole cha tatu kwa uchungu, akakikunja.

"Viwili," akatangaza kwa sauti ya mwadhini. "Vidole viwili vya nafasi, wallahi, na cha pili ni kidole kidogo. Lakini halikugusa. Nenda, Saindou. Nenda ukamwingize, kabla sijabadili kauli."

Ndipo vigelegele vikapanda hata vikasikika Andoany, na Landrova ikaingia Ambanoro na watu wake wote, viatu vyao vikiwa vikavu. Na Saindou mwana wa Boinali akamshika Elarif mkono, akamvusha mlango wa dada yake, jambo ambalo mjomba hulifanya mara moja kwa kila mpwa. Bi Zalifa akamkabidhi mguu wa mbuzi kwa mikono miwili. Yeye akaukata katikati, na nusu akampelekea mtu mmoja aliyekuwa kisimani akifua kanzu.

Basi na iandikwe hivi. Wafalme wametajwa kwa nchi walizoziteka, na manahodha kwa bahari walizozivuka. Lakini Saindou, Bwana wa Spana Kumi na Mbili, na atajwe kwa nafasi ile nyembamba iliyokuwa kati ya chuma na jiwe, siku ya Alhamisi, ambamo upepo ulipita na kitu kingine hakikupita. Kwa ajili yake watu wa Ambanoro hawakuuita tena mwaka ule mwaka wa 1983. Waliuita Mwaka wa Vidole Viwili; na waliokuwapo, wakiulizwa upana wa vidole hivyo, huinua mkono na kuonyesha.